Tupeeni Gereji, Ukumbi Tutajijengea

Wasee wa Komarock, ukitaka kuona maonyesho ya sanaa, ama kufanya mazoezi ya densi mahali hakuna mtu atakufukuza, unaenda wapi? Wengi wetu tunapanda mathree hadi tao, halafu tunalipa nauli tena kurudi.

Na wasanii wako huku huku. Cheki nganya zikipita Kangundo Road. Zile grafiti huchorwa na vijana wa mitaa kama yetu, na wenye magari huwalipa. Kwa hivyo mtu asiniambie sanaa si kazi.

Tukiomba ukumbi, tunaambiwa tungoje bajeti. Kwani lazima ujengwe upya? The GoDown Arts Centre ilianza mwaka wa 2003 ndani ya bohari iliyokuwa gereji ya magari, Dunga Road, Industrial Area. Mahali palipokuwa pa spana na grisi pakawa pa wachoraji, wanamuziki na wachezaji densi. Pale Railway Museum nako, mchoraji Patrick Mukabi alianzisha studio ya Dust Depo, na vijana kibao wamejifunzia kuchora hapo. Hizo zote zilianzia upande wa tao. Eastlands je?

Gereji ya kitambo inafaa kwa sababu rahisi: paa liko juu, hakuna nguzo nyingi katikati, na mlango ni mpana. Ongeza stima, choo na kufuli, kazi inaanza.

Najua kuna mzazi atasema mtageuza hapo base ya bangi. Mzazi, jengo likikaa tupu ndiyo hugeuka base. Likiwa na ratiba na mtu wa funguo, linalindwa.

Kitu kinachonitia wasiwasi ni makaratasi. Vijana wakifagia, wapake rangi, mahali pang'ae, kesho mwenyewe anakumbuka ana jengo na wanatolewa. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Kwa hivyo MCA na kaunti, tuonyesheni magereji na mabohari ya umma yaliyolala Eastlands. Tupeeni moja kwa mkataba wa maandishi, hata miaka kumi. Sisi tutalipa kwa kufundisha watoto wa mtaa kila Jumamosi, bure.

Na sisi tusajili kikundi sasa, kabla ya kuitisha funguo. Nani yuko ndani?