Meseji si pesa: ngoja kwanza kabla friji haijatoka mlangoni

Unahama kutoka Pipeline kwenda Kitengela na friji haitoshei kwa jikoni mpya. Umeipiga picha nne, ukaiweka Facebook Marketplace na kwa grupu ya WhatsApp ya ploti: shilingi 18,000, bei inaongeleka. Nusu saa haijaisha, mtu amepiga simu. Hata haombi kupunguziwa. Yuko kazini Industrial Area, anasema, kwa hivyo atamtuma mtu wa pikapu. Jioni pikapu imefika, injini haijazimwa, na simu yako inalia: umepokea shilingi 18,000, jina lipo, tarehe ipo, saa ipo. Dereva anasema, "Ameshatuma, tupakie basi, kuna jam."

Ni dakika hiyo moja tunayotaka kuizungumzia leo, kwa sababu ndiyo inayogharimu watu friji.

Tukiri jambo kwanza. Sisi tulio kwenye biashara ya malipo ya simu tumechangia tatizo hili. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwezi Machi 2007, watu wamezoeshwa kuwa mlio wa simu ndio pesa. Kwa kinyozi, kwa kibanda cha mboga, mteja anageuza skrini, muuzaji anatupa jicho, wanaagana. Kwa sukuma wiki ya shilingi 20 hiyo ni sawa, hata ukitapeliwa utalala. Lakini mazoea hayo hayo ndiyo tunayoyabeba hadi kwenye friji, kochi na laptop, na matapeli wanajua.

Meseji ni maandishi tu. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuyaandika. Zamani tulikuwa tunawaambia wateja waangalie makosa ya tahajia na namba iliyotuma. Ushauri huo umezeeka. Siku hizi meseji feki huandikwa vizuri, na hata jina la mtumaji linaweza kuigizwa, ikaingia pale pale zilipo meseji zako za kweli. Kwa hivyo usijichoshe kuisoma kama karani wa mahakama. Kuna kitu kimoja ambacho tapeli hawezi kukijua: salio lako.

Kabla mnunuzi hajafika, piga *334# au fungua programu uone una pesa ngapi, na uandike mahali. Kama ulikuwa na 2,340 na umeuza kwa 18,000, salio linafaa kuwa 20,340. Meseji feki itaweka salio la kubahatisha, au haitaweka kabisa. Halafu usiamini hata hesabu ya kwenye meseji. Ingia mwenyewe tena uangalie. Usitumie simu ya mnunuzi, na usifungue linki aliyokutumia.

Angalizo kwa wanaotumia Fuliza, na tunajua ni wengi. Ukiwa na deni, pesa ikiingia deni hukatwa kwanza, kwa hivyo salio halitalingana na hesabu yako hata kama mnunuzi ni mtu mwaminifu. Usimkaripie bure. Angalia taarifa ya miamala: kama pesa iliingia, itaonekana hapo pamoja na makato yake. Na kama unauza kitu kikubwa, kumbuka muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000. Anayekuonyesha meseji moja ya 280,000 ya gari lako hakutuma chochote.

Kuna wale wa "nimezidisha." Anakutumia meseji ya 28,000 badala ya 18,000, halafu anapiga simu akihema: "Pole sana, nilikuwa na haraka, nirudishie hiyo elfu kumi, ni ya karo ya mtoto." Hajatuma hata shilingi. Unamrudishia pesa yako mwenyewe, na pengine huna, ukaichukua kwa Fuliza. Sasa umepoteza pesa, una deni, na friji bado anaitaka. Hata kama pesa imeingia kweli, usirudishe kwa kutuma mwenyewe. Mwambie aliyekosea aombe kurudishiwa kupitia kwa kampuni yake ya simu. Wa Safaricom hutuma meseji ya muamala kwa 456. Mtu mkweli atakubali, ingawa atalalamika kidogo.

Na wale wa "weka pini upokee." Unaona kisanduku kimetokea kwenye simu, mnunuzi anasema ni malipo yanasubiri uyakubali. Soma kilichoandikwa: kinakuuliza kama unataka kulipa. Kupokea pesa hakuhitaji pini hata siku moja. Hilo halina maelezo zaidi.

Utapeli unaotusumbua zaidi, hata hivyo, hauna meseji feki hata moja. Unauza TV ya inchi 55 kwa 35,000. Mtu anapiga: "Naichukua. Namtuma binamu yangu aje aione. Lakini tafadhali usimtajie bei, kuna deni kati yetu, mimi na wewe tutamalizana." Unaona ni mambo ya familia, unanyamaza. Kumbe huyo mtu amechukua picha zako, akaitangaza TV hiyo hiyo kwa 22,000, akapata mnunuzi halisi huko Thika. Naye ameambiwa: "TV iko kwa shemeji yangu. Ukifika usizungumze bei na yeye, hajui nauza ngapi. Ukiipenda, nitumie pesa kwa namba hii."

Mnunuzi anafika kwako na nauli yake. Anawasha TV, inafanya kazi, anafurahi. Anasogea kando, anatuma 22,000, kisha anaanza kukunja waya. Wewe unamwambia pesa haijaingia. Yeye anakuonyesha meseji, na meseji ni ya kweli kabisa, isipokuwa namba aliyotumia si yako. Sauti zinapanda, majirani wanatoka, kila mmoja anamwita mwenzake mwizi. Nyote wawili mnasema ukweli. Mwizi alishazima laini.

Dawa yake ni swali moja, na liulizwe kabla TV haijawashwa: "Wewe umeambiwa ni bei gani, na unamlipa nani?" Tunasema bila kumung'unya maneno: mtu yeyote anayekukataza kutaja bei ya kitu chako mwenyewe, ndani ya nyumba yako mwenyewe, anakuibia. Hatujaona sababu halali ya katazo hilo. Na ukiwa mnunuzi, mlipe yule aliye na kitu, ukiwa umesimama mbele yake, baada ya kuona jina lake kwenye skrini kabla hujabonyeza kutuma.

Halafu kuna mnunuzi anayelipa kweli, anabeba mzigo, kisha akifika kona anaomba muamala urudishwe ati alikosea namba. Huyu anawaudhi wateja wetu kuliko wote, kwa sababu walifanya kila kitu sawa. Jikinge na karatasi. Andika tarehe, kitu kilichouzwa na namba yake ya siri ya kiwandani, yaani ile ya nyuma ya kifaa, bei, msimbo wa muamala, jina na namba ya kitambulisho, nyote mtie sahihi. Usifute mazungumzo ya WhatsApp. Ukipigiwa na huduma kwa wateja kuhusu muamala huo, una jibu: hii haikuwa pesa iliyopotea njia, ilikuwa ya friji. Lakini anayekupigia akaanza kuomba pini, huyo naye ni wale wale. Kata simu.

Yote haya si magumu. Ugumu uko kwa aibu. Wateja wanatuambia walihisi kitu hakiko sawa, lakini dereva alikuwa anangoja, mnunuzi alikuwa kwenye laini akisema "Kwani huniamini?", nao wakaona vibaya kumtilia shaka mtu waliyemwita "bro" siku nzima. Tumelelewa kumkaribisha mgeni na kutomhesabia pesa usoni. Ni malezi mazuri. Lakini dukani supermarket, noti ya elfu huinuliwa kwenye mwanga mbele yako na hujawahi kununa. Kukagua salio ni kuinua noti. Kama mnunuzi ananuna kwa sababu ya dakika mbili, acha anune akiwa nje ya geti.

Na wanunuzi mtusaidie. Ukifika kwa mtu, mwambie wewe kwanza: "Angalia salio kabla sijabeba." Umemwondolea mwenzako mzigo wa kuonekana mbaya.

Kama umeshatapeliwa, usikae ukijilaumu hadi asubuhi. Piga simu kwa kampuni yako mara moja, maana pesa ambayo haijatolewa kwa wakala inaweza kuzuiwa. Meseji feki ya wateja wa Safaricom itume kwa 333, hailipishwi. Nenda kituo cha polisi uandikishe kwenye OB, ubebe namba ya simu na mazungumzo yote. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inagusa ulaghai wa aina hii, na bila ripoti hakuna kesi.

Yule dereva wa pikapu, kabla hujamfokea, muulize ameajiriwa na nani na friji anaipeleka wapi. Mara nyingi alipigiwa simu stendi dakika arobaini zilizopita na mtu asiyemjua, akaahidiwa 1,500 akifika. Mwambie naye aangalie salio lake.