FEZA YA UZEE NI MSHAHARA PIA



Wakubwa wa kampani wanapoketi mezani pamoja na sendika, neno la kwanza linalosikika nje ni nyongeza. Asilimia kumi! Asilimia ishirini! Watu wanapiga makofi na kurudi nyumbani kwa furaha. Ni wachache wanaouliza: ukurasa wa pili unasema nini? Mtoto akiugua, nani atalipa lopitali? Nguvu ya mwili ikiisha, mzee atakula nini? Leo tunataka kusema juu ya ukurasa huo wa pili, kwa kuwa pale ndipo wafanya kazi wengi wamenyang’anywa mchana, macho yao yakiwa wazi.

Tuchukue mfano wa mji wa New York, katika inchi ya Marekani. Huko kuna kampani zinazoleta televisheni, simu na intaneti katika nyumba za watu kwa njia ya waya. Wafanya kazi wao hupanda nguzo, huingia chini ya barabara, huvuta nyaya na kufunga vyombo nyumba kwa nyumba. Ni kazi ya jua, ya mvua na ya baridi kali. Sisi watu wa Katanga tunaijua waya kabla haijawa waya, maana shaba ya inchi yetu imekwenda katika nyaya za dunia kwa zaidi ya miaka mia. Basi habari ya mwenye kuvuta waya si ya kigeni kwa mwenye kuchimba shaba.

Mwezi wa Mei 2016 kampani ya Charter ilinunua kampani ya Time Warner Cable, na kazi ikaendelea kwa jina la Spectrum. Pamoja na nyaya, Charter ilipata na watu. Wale wa New York walikuwa katika sendika ya mafundi wa umeme, IBEW, tawi la 3. Mapatano yao ya zamani yalikuwa yamekwisha tangu 2013, na mapya yalikuwa hayajatiwa sahihi.

Kampani ilisema maneno matamu. Ilisema itapandisha mishahara kwa wastani wa asilimia 22. Ndugu, asilimia 22 si kitu cha kudharau. Lakini katika ukurasa wa pili, kampani ilitaka kuacha kuchangia mifuko miwili ya sendika: mfuko wa matibabu na mfuko wa feza ya uzee. Mahali pake ingeweka bima ya matibabu ya kampani yenyewe, na akiba ya kila mtu peke yake, ile Wamarekani wanayoiita 401(k).

Mtu anaweza kusema: mfuko ni mfuko, tofauti ni nini? Tofauti ni kubwa. Katika mfuko wa uzee wa namna ya zamani, mzee huahidiwa feza ya kila mwezi mpaka siku ya kufa. Akiba ya mtu peke yake haiahidi hivyo. Huwekwa katika soko la hisa na hati, hupanda soko likipanda, hushuka soko likishuka, na ikiisha imekwisha. Hatari iliyokuwa juu ya mabega ya mfuko inahamia juu ya mabega ya mzee. Tena kuna habari ya ufunguo. Sheria ya Marekani ya 1947 inataka mifuko ya namna ile iongozwe na pande mbili kwa hesabu sawa, wenye kampani na wafanya kazi. Bima ya kampani yenyewe haina sharti hilo. Mwenye kuishika leo anaweza kuibadili kesho.

Na katika Marekani matibabu si jambo dogo. Wafanya kazi wengi hupata bima kwa njia ya kazi yao. Ukipoteza kazi, na bima ya watoto wako huenda pamoja nayo. Kwa hiyo wale mafundi walipopima asilimia 22 upande mmoja, na matibabu na uzee upande wa pili, waliona mzani umeinama wapi. Tarehe 28 Machi 2017 watu kama 1,800 waliacha kazi.

Je, kampani ilikuwa maskini? Katika hesabu za 2016, mkubwa wa Charter, bwana Tom Rutledge, aliandikiwa malipo ya dola milioni 98 na nusu. Ni kweli kwamba sehemu kubwa haikuwa feza ya mkononi. Ilikuwa haki ya kununua hisa. Lakini haki ile nayo iliandikwa kwenye karatasi na kutiwa sahihi. Mkubwa hakuambiwa atumaini wema wa mtu.

Hatutawadanganya wasomaji wetu juu ya mwisho wa mgomo ule. Ulikwenda mwaka mmoja, wa pili, wa tatu. Kampani ilileta watu wengine, na waya ziliendelea kuvutwa. Wengine katika wagomaji walitafuta kazi mahali pengine. Wengine walianzisha chama chao cha kuleta intaneti katika nyumba za watu wa Bronx, wakakiita People’s Choice. Mgomo ulifungwa katika 2022, baada ya miaka mitano, na mifuko waliyoigombania haikurudi.

Kwa nini walishindwa, nao walikuwa na haki? Sababu moja ni sheria yenyewe. Sheria ya Marekani ya 1935 inamwambia mwenye kampani azungumze na sendika kwa moyo safi, lakini haimlazimishi kukubali neno lolote. Na katika 1938 mahakama kuu ya inchi ile, katika kesi ya Mackay, kampani ya redio na telegrafu, ilisema kwamba mwenye kazi anaweza kuweka watu wapya mahali pa wenye kugomea mshahara, wala halazimiki kuwafukuza hao wapya mgomo ukiisha. Sababu ya pili ni wakati. Mapatano yalikuwa yamekwisha miaka mitatu kabla bwana mpya hajafika. Alipofika, alikuta mlango haukufungwa. Karatasi hailindi watu, ndugu. Watu ndio wanaolinda karatasi.

Katika mji ule ule kulikuwa na habari nyingine. Mwezi wa Januari 2012 mafundi 282 wa kampani ya Cablevision, katika mtaa wa Brooklyn, walipiga kura, na wengi wao wakataka kuingia katika sendika ya wafanya kazi wa mawasiliano, CWA. Kampani ilifanya nini? Ilipandisha mishahara ya wafanya kazi wake wa mitaa mingine, ikawaacha wale wa Brooklyn. Angalieni akili hiyo! Kwa wale wengine, nyongeza ilikuwa kama kusema: mnaona, bila sendika mnapata. Kwa wale wa Brooklyn ilikuwa kama kusema: mnaona, kwa sababu ya sendika mnakosa. Mwezi wa Juni mwaka ule wenzao wa Bronx walipiga kura, na wengi wakaikataa sendika.

Nyongeza ile haikuwa mapatano. Ilikuwa zawadi, na mwenye kutoa zawadi ndiye anayechagua siku ya kuitoa na siku ya kuizuia. Wale wa Brooklyn hawakulegea. Mwezi wa Januari 2013 wenzao 22 walifukuzwa. Wengine walisimama nyuma yao mpaka waliofukuzwa wakarudishwa. Katika Februari 2015, miaka mitatu baada ya kura, walipata mapatano yao ya kwanza. Miaka mitatu ni mirefu kwa mtu mwenye watoto. Lakini tangu siku ile walichopata kilikuwa na sahihi mbili, si sahihi moja.

Hata mapatano mazuri yanahitaji kuhesabiwa. Mwezi wa Agosti 2024 watu 17,000 wa CWA katika kampani ya AT&T, katika majimbo tisa ya kusini na mashariki ya Marekani, waligoma karibu mwezi mzima. Walipata nyongeza ya asilimia 19.33 kwa wote. Neno hilo likiandikwa kwa herufi kubwa, macho yanang’aa. Lakini mapatano ni ya miaka mitano. Gawanya, utaona ni chini ya asilimia 4 kwa mwaka. Hatusemi ni kidogo. Tunasema kila mtu ajue anachopata: kila mwaka ni ngapi, bei ya sokoni imepanda ngapi, na mchango wa matibabu unaokatwa katika mshahara umepanda ngapi. Mkono wa kuume ukiongeza na mkono wa kushoto ukikata, mfuko unabaki vilevile.

Sasa turudi nyumbani. Baba zetu walijua sana posho. Union Minière ilitoa posho, ilitoa nyumba katika kambi, ilitoa lopitali na masomo ya watoto. Vitu hivyo vilikuwa vya kweli, na wazee waliovipata hawavitukani. Lakini vilitoka katika mkono wa bwana, si katika mapatano ya watu wawili waliosimama sawa. Mtu akitoka kazini, alitoka na katika nyumba. Na nani angewasemea watu? Ni katika 1946 tu serikali ya Wabelgiji ilipokubali sendika za watu weusi, tena chini ya ulinzi mkali wa wakubwa. Miaka mitano mbele, mwezi wa Desemba 1941, watu wa Union Minière waliomba mshahara bora bila sendika, bila karatasi, kwa midomo yao tu. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, walijibiwa kwa risasi. Léonard Mpoyi aliyewasemea alikufa pale pamoja na wengi. Tusiwasahau.

Kwa hiyo Mkongomani hana haja ya kufundishwa na mtu wa New York kwamba nyumba, dawa na chakula ni sehemu ya mshahara. Tulijua zamani. Tunachoweza kujifunza kwao ni kwamba sehemu hiyo ndiyo inayoshikwa kwanza, kwa sababu haionekani siku ya mwisho wa mwezi. Mshahara ukikatwa, watu wanapiga kelele jioni ile ile. Feza ya uzee ikikatwa, mtu wa miaka 30 anacheka. Atalia akiwa na miaka 60, na siku ile hatakuwa na mtu wa kumgomea.

Basi kila sendika inayokwenda mezani, iwe ya wachimba shaba wa Kolwezi, iwe ya wafunga nyaya wa Lubumbashi, iulize maneno matano.

Kwanza: faida zote, matibabu, nyumba, safari, uzee, zina thamani ya franka ngapi? Ziandikwe pembeni ya mshahara, zijumlishwe.

Pili: ufunguo wa mfuko ni wa nani? Bwana peke yake, au pande mbili?

Tatu: mapatano yanakwisha siku gani, na mazungumzo mapya yanaanza lini? Paa hutengenezwa kabla ya mvua.

Nne: kampani ikiuzwa, bwana mpya anafungwa na maneno ya bwana wa kwanza? Kama hakuna mstari unaosema hivyo, utafuteni leo.

Tano: wenzetu wasio katika sendika, na wale walioajiriwa kwa njia ya kampani ndogo, wako wapi katika karatasi hii? Mwenzako akiachwa nje leo, kesho ataletwa kukaa mahali pako.

Maneno hayo si ya wasomi wakubwa. Kila mama anayekwenda sokoni anajua kuhesabu hivyo: hatazami bei tu, anageuza na samaki kuona upande wa pili.

Ndugu, someni karatasi nzima kabla ya kupiga makofi. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake, tena kwa sauti, mbele ya wote. Mjumbe anayeona haya kusoma ukurasa wa pili mbele ya watu wake, msimpe kalamu ya kutia sahihi.