Mkataba wa Umeme Ni Amana

Umeme unapokatika, lawama zetu humwendea fundi aliye juu ya nguzo. Lakini mara nyingi mzizi wa tatizo haupo nguzoni. Upo katika karatasi zilizotiwa saini miaka mingi kabla, nyuma ya milango iliyofungwa.

Tuchukue mfano wa IPTL. Ukame wa miaka ya mwanzo ya 1990 ulipunguza maji ya mabwawa, na nchi ikaingia katika mgao. Katika dhiki hiyo, mwaka 1995, TANESCO ilitia saini mkataba wa miaka 20 wa kununua megawati 100 kutoka kwa kampuni hiyo, ambayo mmiliki wake mkubwa alikuwa kampuni ya Malaysia. Mitambo ya mafuta ikajengwa Tegeta, Dar es Salaam. Ukazuka mzozo juu ya gharama, shauri likafika mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, na uzalishaji haukuanza hadi 2002.

Ndani ya mkataba huo mlikuwa na sharti la malipo ya kila mwezi kwa sababu tu mtambo upo, uzalishe au usizalishe. Mafuta yalilipiwa mbali. Ni kama mtu aliyekodi jahazi kwa miaka ishirini: asafiri au asisafiri, kodi iko palepale.

Insafu inatutaka tuseme kwamba sharti hili si geni duniani. Aliyejenga mtambo hawezi kuuhamisha kwa wepesi, wala hana mnunuzi mwingine. Lakini kwa kuwa malipo hayo hukokotolewa kutokana na gharama ya ujenzi, kila gharama inayoongezwa isivyo haki hulipwa na wananchi kwa miaka yote ya mkataba.

Je, tulijifunza? Mwaka 2006 ukame ulirejea, na kwa haraka ile ile ukatolewa mkataba wa dharura kwa kampuni ya Richmond, ambayo haikuwa na uwezo wa kazi hiyo. Mkataba ukahamishiwa Dowans. Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kufuatia ripoti ya kamati teule ya Bunge. Hata hivyo, mwaka 2010 wasuluhishi wa kimataifa waliamuru TANESCO iilipe Dowans fidia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hatusemi wageni wafukuzwe. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye megawati 2,115, limejengwa na kampuni mbili za Misri kwa mkataba wa Desemba 2018, na mtambo wa kwanza ukawashwa Februari 2024. Hapo mgeni ni mjenzi, na bwawa ni mali ya nchi. Njia hii nayo ina mzigo wake, kwani gharama na hatari ya ukame ni juu yetu wenyewe.

Basi suala si uraia wa kampuni, bali ni uwazi. Zabuni iwe ya wazi, mkataba uandikwe pia kwa Kiswahili, na Bunge liusome kabla ya wino kukauka. Na maandalizi yafanyike wakati wa mvua, kwani mwenye kiu hajadili bei ya maji. Atakayelipa ni fundi cherehani na mama muuza barafu. Mwenye kulipa ana haki ya kujua alichonunuliwa.