Dawa Humezwa, Haichukuliwi



Mwezi uliopita binti wa jirani yangu, aliyeolewa kijijini huko njia ya Mishamo, alikuja mjini kumwona mama yake. Ana ujauzito wa miezi mitano. Mama yake nilimfundisha kidato cha pili, na kwa sababu hiyo binti huniita Babu Mwalimu. Alinikuta barazani, akaniamkia, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa kipeperushi cha mradi mmoja wa afya, kimechapwa kwa rangi, kina picha ya mama anayetabasamu. Chini ya picha palikuwa na maneno haya: "Mama mjamzito anashauriwa kuchukua kidonge kimoja cha kuongeza damu kila siku." Mstari uliofuata ulieleza kwamba vidonge hutolewa zahanati bila malipo.

"Babu," akaniuliza, "hivi ni lazima kila siku? Zahanati kwetu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nikichukua leo kimoja, kesho nirudi tena nikachukue kingine?"

Alikuwa nacho kipeperushi kwa wiki tatu, na kwa wiki tatu hakwenda zahanati hata mara moja. Alihesabu mwendo, akahesabu mgongo wake, akaona haiwezekani. Nilimweleza kwamba atapewa vyote kwa pamoja, naye atameza kimoja kila siku nyumbani kwake. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Mbona hawakuandika kumeza?"

Ndugu zangu, swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Binti huyu hakukosea. Aliisoma sentensi ya Kiswahili kwa Kiswahili, akaielewa kama Mswahili yeyote angeielewa: kuchukua kitu kilichopo mahali fulani. Aliyekosea ni yule aliyeketi mezani na maandishi ya Kiingereza, akaliona neno "take", akaandika chukua bila kuinua macho.

Hili "take" ni kitenzi cha ajabu. Waingereza hulituma kila mahali. Hulitumia kwa kumeza dawa na kunywa chai, kwa kupanda basi, kupiga picha, kufanya mtihani, kwenda likizo, kuvua koti, kula kiapo, kupokea rushwa, kuvuta pumzi na kulenga shabaha. Ndege ikipaa, ni lile lile likisaidiwa na kineno kidogo mkiani. Mtoto akifanana na baba yake, ni lile lile na kineno kingine. Mkutano ukifanyika, lile lile tena. Sina ugomvi nalo. Ni mtumishi wa nyumba ya watu, na nyumba hiyo imemzoea.

Na sisi tunaye mtumishi wetu. Tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga simu, kura, deki, hodi, magoti, chafya na porojo. Tunaye na kula: tunakula kiapo, tunakula njama, tunakula hasara, na mzee aliyeishi miaka mingi husemwa amekula chumvi nyingi. Sasa tazameni ajabu hii. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiandika kwa Kiingereza kwamba ameipiga picha, akatumia kitenzi cha kuchapa mtu, darasa zima litacheka na mwalimu atachora mkasi wa wino mwekundu. Mtu mzima mwenye shahada akiandika kwa Kiswahili "kuchukua picha", hapana anayecheka, hapana wino mwekundu. Kosa ni moja. Tofauti ni lugha ipi inayoheshimiwa.

Niseme ukweli wangu kabla hamjanisemea. Nilitoka chuo cha ualimu katikati ya miaka ya 1980, nikaanza kufundisha nikiwa na karatasi za manila nilizozichora kwa mkono wangu. Safu ya kushoto Kiingereza, safu ya kulia Kiswahili. "Take" ni chukua. "Get" ni pata. "Make" ni tengeneza. Nilizibandika ukutani, na watoto walikariri kwa sauti hadi bati likatetemeka. Sikuwahi kuwaambia kwamba kila mstari pale ulikuwa nusu ya habari. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimetoa watu wanaoamini kwamba neno moja la huku lina pacha mmoja wa kule. Baadhi yao leo ndio wanaotafsiri vipeperushi. Huenda hata kile cha binti yule kimeandikwa na mkono niliouongoza mimi.

Basi tuangalie madhara. La kwanza ni lile nililolieleza: mtu haelewi, na kutoelewa kunamgusa mwilini. La pili ni la kisirisiri zaidi. Kitenzi cha kuazima hakiji peke yake, kinawafukuza wenyeji. Tulikuwa na kutahadhari na kujihadhari, vitenzi kamili vyenye miguu yao. Sasa kila tangazo lasema "chukua tahadhari", kana kwamba tahadhari ni kapu lililowekwa mlangoni. Tulikuwa na kushiriki. Sasa nasikia "kuchukua sehemu", na mimi niliyezaliwa kwa wakulima hufikiri mtu amegawiwa kiwanja. Nimesoma barua ya mwaliko iliyosema sherehe "itachukua nafasi" siku ya Jumamosi. Nafasi ya nani? Kwetu anayechukua nafasi ameingia mahali pa mwingine, kama makamu anavyochukua nafasi ya mkuu aliyestaafu. Sherehe hufanyika.

Washairi vijana, hapa nawageukia ninyi. Nimepitia tungo nyingi zinazotumwa katika majukwaa ya ushairi, na nimegundua kwa nini mnalipenda neno hili. Jihadhari ni mizani minne. Chukua tahadhari ni mizani saba. Mshairi aliyepungukiwa na mizani mitatu hujaza kwa chukua, kama fundi asiye na tofali anavyojaza ufa kwa udongo. Mizani inatimia, vina vinakubali, na ubeti umekufa. Nami nimejaribu kuwajibu kwa ubeti mmoja:

Picha nasi twaipiga, kiapo nacho twakila,
Wageni tunawaaga, rushwa walafi huila,
Kigeni tukikiiga, twaitupa yetu mila,
Chukua ni la mizigo, lisivishwe kila nguo.

Najua kituo hicho kimeupunja ukweli, maana chukua la Kiswahili lina utajiri wake, na ndio unaoniuma zaidi kuliko yote. Mtu aliyevaa nguo ikampendeza, wazee walisema "nguo imekuchukua". Nani kati ya wanafunzi wa leo anaisema? Mtoto aliyewalea wazazi wake uzeeni, alisifiwa kwamba anawachukua wazee wake. Kuwabeba, kuwavumilia na kuwalisha, yote katika neno moja. Mwanamke huchukua mimba. Chombo huchukua abiria thelathini. Watu waliovumiliana katika ndoa au katika kijiji huchukuliana. Angalieni shina la maana hizo: zote zina uzito ndani yake. Chukua ni kubeba, kustahimili uzito wa kitu au wa mtu.

Ukitaka kuliona neno hili likiwa kazini, nenda stesheni ya Mpanda siku ya treni. Reli hii, tawi linaloachana na reli ya kati pale Kaliua, ilijengwa enzi za Mwingereza kwa sababu ya madini ya risasi ya huku kwetu. Risasi ilikwisha kuwa habari ya wazee, lakini wachukuzi wapo. Magunia ya mahindi na mpunga yanapanda vichwani na mabegani mwao, nao bado wanaitwa wachukuzi, na Wizara nayo bado inaitwa ya Uchukuzi. Hapana anayedhani mchukuzi ni mtu anayejitwalia mali ya abiria. Mchukuzi ni abebaye.

Na hilo la kujitwalia lilikuwa na kitenzi chake: twaa. Twaa lilikuwa ndilo jirani wa karibu wa "take", na hata hivyo si pacha wake. Leo limebakia kwa watangazaji wa kandanda. Yanga ikitwaa kombe, au Simba ikitwaa ubingwa, twaa linafufuka kwa siku moja, kisha linarudishwa kaburini hadi msimu ujao. Mimi si shabiki wa timu yoyote, lakini nawashukuru watangazaji hao. Wamelihifadhi neno ambalo sisi walimu tuliliacha life.

Kijana mmoja, mwalimu mwenzangu aliyenirithi darasa, alinijibu hoja hii tukiwa tunakunywa chai. (Alisema "tunachukua chai", lakini alinitania.) Akasema lugha hukua kwa kuazima, na kwamba hata hilo "take" Waingereza waliliazima. Ni kweli, na nilifurahi kwamba amesoma. Kitenzi chao cha kale kilikuwa "niman", ndugu wa kile cha Wajerumani. Wakaja watu wa kaskazini kwa merikebu, wakapigana nao, kisha wakaishi nao, na "taka" ya wageni ikaishinda "niman" ya wenyeji. Leo kitenzi hicho cha kale kimebakiwa na masalio machache, na mojawapo ni neno la Kiingereza linalomaanisha kufa ganzi.

Lakini kijana wangu alisahau jambo moja. Wale waliokutana uso kwa uso waliazimana mdomoni, sokoni, jikoni, katika ndoa. Huko neno la kigeni hupimwa kila siku; lisipoeleweka, chumvi haipatikani. Sisi Katavi tunaijua hali hiyo vizuri. Hapa Mpanda Mpimbwe, Mbende, Mkonongo, Mfipa na Msukuma wanakutana, na Katumba na Mishamo wapo waliotoka Burundi tangu mwaka 1972, ambao wengi wao walipewa uraia wa nchi hii. Kiswahili chao kina ladha za lugha za kwao, nami sijawahi kumsahihisha mmoja wao dukani, kwa sababu tunaelewana. Chukua la kipeperushi halikupita sokoni. Lilitoka kwenye karatasi ya Kiingereza likaenda kwenye karatasi ya Kiswahili, na mtu wa kwanza kulipima alikuwa binti mwenye mimba ya miezi mitano. Huko si kukua kwa lugha.

Wapo pia wenzangu wa upande wa pili, wazee kama mimi, wanaotaka tufute hata "kuchukua hatua" na "kuchukua muda". Hao sifuatani nao. Hatua imekwisha kuchukuliwa, inatumika mahakamani na bungeni, kila mtu anaielewa. Kuirudisha nyuma ni kumwaga maji mchangani. Kwa muda bado nina neno, kwani nikiulizwa safari ya Tabora nitajibu "ni ya siku nzima" na hakuna kitu kitakachopungua, ila sitamnyima mtu alama kwa hilo. Kipimo changu ni kidogo: je, asiyejua Kiingereza ataielewa sentensi? Sentensi inayohitaji Kiingereza ili ieleweke ni ya Kiingereza, hata kama kila neno lake ni la Kiswahili.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na kuthibitisha tafsiri ni sehemu ya kazi zake. Mradi unaolipa wachoraji, wachapaji na madereva hauwezi kushindwa kulipia jicho la mtu mmoja anayejua lugha. Tena si lazima liwe jicho la BAKITA. Wangemsomea mama mmoja tu pale sokoni kabla ya kuchapa.

Afisa wa mradi ule alipita mtaani wiki iliyofuata. Ni kijana mpole, alinisikiliza hadi mwisho, akakubali kwamba "kumeza" lingekuwa bora. Kisha akaniambia, kwa adabu zote, kwamba vipeperushi vimekwisha kuchapwa na masanduku yako njiani kwenda vijijini. Nilitafuta kalamu yangu ya wino mwekundu, ile niliyostaafu nayo, nikamwomba anipe hivyo alivyokuwa navyo mkobani. Vilikuwa arobaini na sita. Nilivisahihisha vyote kabla ya magharibi, naye akanisubiri.