Mzazi, usikimbilie kununua antivirusi

Kompyuta ya nyumbani ni ya kila mtu. Mtoto wa sekondari anachapia kazi ya shule, mdogo wake anatafutia katuni, baba anasomea barua za ofisini, mama anahifadhi humo hesabu za kikoba. Flashi zinaingia na kutoka. Siku mafolda yote ya kwenye flashi yanapogeuka kuwa njia za mkato zisizofunguka, swali huwa moja: tununue antivirusi gani?

Mzazi, kabla hujatoa fedha, angalia ulichonacho. Kompyuta yenye Windows 10 au Windows 11 tayari ina antivirusi ndani yake, inaitwa Microsoft Defender, na haina malipo. Bonyeza Start, andika Windows Security, kisha fungua sehemu ya Virus & threat protection. Ukiona alama ya kijani, inafanya kazi. Ukiona nyekundu, soma inachodai na uiwashe. Maabara huru kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria hupima programu hizi na kuweka matokeo wazi mtandaoni, na miaka ya karibuni Defender imekuwa ikishindana vizuri na zile za kulipia.

Ila antivirusi yoyote ni nusu ya kinga. Sisi tunaoandika habari za afya tunaikumbuka Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 100 na kudai fidia. Nchini Uingereza, hospitali zililazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kinachouma ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya tundu hilo tangu Machi mwaka huohuo. Kompyuta zilizoumia ni zile ambazo hazikuwa zimesasishwa. Kwa hiyo kompyuta inapoomba apdeti, usimruhusu mtoto kuiahirisha kila siku ili amalizie mchezo wake.

Hapa wanunuzi wa kompyuta za mtumba wawe makini. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025. Antivirusi iliyomo itaendelea kufanya kazi, lakini matundu mapya ya mfumo wenyewe hayazibwi kama zamani. Muulize muuzaji kabla ya kulipa: hii inakubali Windows 11?

Kama bado unataka antivirusi nyingine, jiulize mambo manne.

Kwanza, imepimwa na nani? Sifa zilizo kwenye boksi zimeandikwa na muuzaji. Tafuta jina lake kwenye matokeo ya maabara.

Pili, mwaka wa pili ni bei gani? Kampuni nyingi hutoa punguzo mwaka wa kwanza, kisha bei hupanda na fedha hukatwa zenyewe kwenye kadi yako.

Tatu, kama ni ya bure, mwenyewe anakula wapi? Februari 2024, Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka kampuni ya Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kukusanya na kuuza taarifa za kurasa ambazo watumiaji wake walizitembelea.

Nne, inatoka wapi? Ipakue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Antivirusi iliyovunjwa kufuli, ile unayowekewa kwa bei ya soda, inaweza kuwa ndiyo inayoingiza kirusi. Ni sawa na kumkabidhi mwizi kazi ya ulinzi. Na usiweke mbili kwa pamoja ukidhani kinga imeongezeka, kwani hugombana na kuifanya kompyuta iwe nzito.

Yapo pia mazoea ya nyumbani yasiyohitaji fedha. Mfungulie mtoto akaunti yake isiyo na mamlaka ya kuweka programu, na nywila ya msimamizi ibaki kwa mzazi. Flashi iliyotoka steshenari isifunguliwe kabla ya kukaguliwa: bonyeza jina lake kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha chagua Scan with Microsoft Defender. Waambie watoto kwamba tangazo linaloruka kwenye ukurasa wa intaneti likipiga kelele kuwa kompyuta ina virusi ni mtego. Wasibonyeze, wafunge ukurasa na wakuite. Nao wasigombezwe wakikuita, maana mtoto anayeogopa fimbo ataficha kosa mpaka kompyuta izime.

Halafu zile fedha ulizotenga kwa ajili ya antivirusi, ninunulie diski ya nje, ningesema kama ningekuwa mtoto wako. Nakili humo picha za familia, vyeti na kazi za shule, kisha uichomoe na kuiweka kabatini, kwa sababu kirusi kinachofunga mafaili hufunga na diski iliyoachwa imechomekwa. Rudia kila mwisho wa mwezi. Antivirusi inaweza kumfukuza mgeni mbaya, lakini haiwezi kukurudishia picha za ubatizo au maulidi ambazo hazikuwa na nakala.