Msiicheke Honda, imewahi kuwa hoi kuliko hivi

Wasee wa MotoGP wamekuwa na mchezo mmoja tangu 2022: kuicheka Honda. Na kusema ukweli, wana haki. Kampuni iliyoshinda mataji sita ya daraja la juu na Marc Márquez kati ya 2013 na 2019 ilishika mkia kwenye jedwali la watengenezaji msimu wa 2022. 2023 ikashika mkia tena. 2024 vivyo hivyo. Márquez mwenyewe alikuwa amebakisha mwaka mmoja kwenye mkataba, akaona afadhali aende timu ndogo inayotumia Ducati. Septemba 2025 akatwaa ubingwa akiwa na Ducati pale Motegi, Japani, kwenye uwanja ambao ni mali ya Honda. Hebu fikiria mpenzi wako wa zamani akifanyia harusi sebuleni kwenu.

Lakini mtu akiniambia huu ndio mwisho wa Honda, najua tu hajawahi kusikia kuhusu pikipiki inayoitwa NR500.

Hadithi ya Honda ambayo watu hupenda kusimulia ni ile tamu. Machi 1954 Soichiro Honda alitangaza kuwa kampuni yake, ambayo hata miaka sita haikuwa imefikisha na mambo ya pesa yalikuwa magumu, itaenda kushindana kwenye TT kule Isle of Man. Mwaka huohuo akasafiri kwenda kujionea, akakuta injini za Wazungu ziko mbali sana mbele yake. Akanunua vipuri, akarudi navyo nyumbani. Ilichukua miaka mitano. 1959 Naomi Taniguchi akamaliza wa sita kwenye 125cc. 1961 Mike Hailwood akashinda TT ya 125cc na ya 250cc, zote na Honda. 1966 wakabeba taji la watengenezaji katika madaraja yote matano, kuanzia 50cc hadi 500cc. Bei yake ilikuwepo pia: Tom Phillis, aliyewapa ushindi wao wa kwanza wa Grand Prix, alifariki 1962 akiendesha Honda kwenye TT. Mwisho wa 1967 wakafunga virago.

Sawa. Mimi sehemu inayonibamba ni waliporudi.

Mwaka ni 1979. Daraja la 500cc limejaa injini za stroki mbili, zile za kuchanganyiwa petroli na oili. Suzuki na Yamaha ndizo zinatamba. Stroki mbili inawasha mafuta kila mzunguko, stroki nne (kama ya boda uliyopanda leo asubuhi) inawasha kila mzunguko wa pili. Kwa hivyo kwa ukubwa sawa, stroki nne inaanza ikiwa nyuma. Mtu mwenye akili zake angeunda stroki mbili basi yaishe. Honda ikakataa. Jina lake lilikuwa limejengwa na stroki nne, na ndizo itakazoshindana nazo. Kiburi? Kipo, sitakataa.

Sheria iliruhusu silinda nne tu. Ili injini ipumue kama ya silinda nane, wakaacha pistoni ya duara wakaunda ndefu, yenye umbo la mkebe wa sadini. Kila pistoni ilishikwa na konrodi mbili. Kila silinda ilikuwa na vali nane, jumla 32 kwa injini ya cc 500. Fremu nayo ikawa ganda linalofunika injini, kiasi kwamba ukitaka kuirekebisha lazima uivute yote nje. Muulize fundi yeyote wa Grogan kama angekubali kazi hiyo, utatukanwa.

Agosti 1979 wakaipeleka Silverstone. Siku hizo mbio zilianza kwa kusukuma, na hiyo kitu kuiwasha kwa kusukuma ilikuwa shida. Mick Grant akaanguka kwenye kona ya kwanza, oili imemwagikia tairi la nyuma. Takazumi Katayama naye hakumaliza. Mbio zilizofuata, Le Mans kule Ufaransa, pikipiki zote mbili hazikufuzu hata kuanza. Waingereza wakasema NR ni Never Ready, yaani haitawahi kuwa tayari. Hadi inastaafishwa, haikuwa imepata pointi hata moja ya Grand Prix.

1982 wakameza kiburi, wakaleta NS500, stroki mbili ya silinda tatu. Mwaka huohuo Freddie Spencer akashinda Ubelgiji, na 1983 akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 21, kwa tofauti ya pointi mbili tu dhidi ya Kenny Roberts.

Sasa swali langu: waliounda NR500 walifanywa nini? Takeo Fukui alikuwa mmoja wa mainjinia wakuu wa mradi ule. Baadaye akaongoza HRC, kitengo cha mbio cha Honda. 2003 akawa rais wa Honda nzima, magari na yote.

Watu kama mimi tulioacha chuo hupenda kumtaja mzee Soichiro, aliyehudhuria masomo Hamamatsu kujifunza mambo ya chuma akaondoka bila cheti. Mimi simtaji sana. Fukui alikuwa na digrii yake ya Waseda, na haingemsaidia kitu kama mabosi wangeamua aliyeaibishwa mbele ya ulimwengu mzima hafai tena. Hapa kwetu mradi ukianguka, la kwanza ni kutafuta nani wa kufukuzwa. Nimehojiwa kazi mahali fulani, jamaa akafika kwenye mstari wa biashara niliyoanzisha ikafa, akafunga faili. Hakuuliza nilijifunza nini, wala ilikufaje.

Najua utaniambia Honda ilikuwa na pesa za kuchoma. Kweli, ilikuwa nazo 1979. Kijana wa karakana Gikomba hana, na simwambii achome kodi ya nyumba kwa pistoni za mkebe wa sadini. Lakini 1954 hawakuwa nazo, na bado hawakumtimua mtu aliyerudi na vipuri badala ya kombe.

Mei 2025 Johann Zarco alishinda kwenye mvua akiwa na Honda. Wapi? Le Mans, palepale walipokosa kufuzu. Na ile siku ya Motegi, Márquez akisherehekea, hebu angalia picha ya jukwaani tena. Wa tatu ni Joan Mir, amevaa nguo za Honda.