Dalali na Mteja Asiyemfahamu

Kazi nyingi humtaka mtu ajihadhari na wageni. Kazi ya udalali wa nyumba humtaka awakaribishe. Dalali hupokea maombi ya mtu asiyemjua, huchukua ufunguo, kisha huandamana naye mpaka ndani ya nyumba tupu. Wengi huifanya kazi hiyo miaka mingi bila kupatwa na baya lolote. Walakini mambo matatu yanayoiwezesha biashara hiyo, yaani mgeni, ufunguo na nyumba isiyo na mtu, ndiyo hayo hayo yanayomrahisishia mwovu shabaha yake.

Siku ya Jumatatu, tarehe 28 Julai 1986, binti mmaja wa Kiingereza aitwaye Suzy Lamplugh, mwenye umri wa miaka 25, alitoka katika ofisi ya uuzaji wa nyumba alimofanya kazi, mtaa wa Fulham, mjini London. Katika shajara yake alikuwa ameandika kwamba saa saba kasorobo mchana angekutana na Bwana Kipper nje ya nyumba nambari 37, barabara ya Shorrolds. Aliuacha mkoba wake ofisini, akachukua pochi na funguo tu, kama afanyavyo mtu anayetarajia kurudi baada ya kitambo kidogo. Hakurudi.

Polisi walipopelekewa habari, ilikuwa jioni. Usiku ule ule gari lake lilionekana katika barabara nyingine ya mtaa huo huo wa Fulham. Pochi ilikuwamo, mwenyewe hayumo. Mwaka 1993 alitangazwa kisheria kuwa amefariki. Mwaka 2002 polisi walimtaja hadharani mwanamume waliyemshuku, lakini hakushtakiwa kwa kosa hilo kwa sababu ushahidi haukutosha. Alikufa gerezani mwaka 2024 akitumikia kifungo kwa mauaji ya mtu mwingine. Mwili wa binti huyo haujapatikana mpaka leo.

Askari aliyezoea kitabu cha matukio atatambua upesi kasoro ya maandishi yale ya shajara. Yalionyesha jina, saa na mahali. Hayakuonyesha Bwana Kipper anakaa wapi, wala saa ambayo binti alipaswa kuwa amerejea. Hata jina lenyewe, ambalo kwa Kiingereza ni la samaki aliyekaushwa kwa moshi, halikuwa limethibitishwa. Kosa hilo halikuwa lake peke yake. Siku zile ndivyo kazi ilivyofanywa, na hakuna aliyefundishwa njia nyingine.

Mama yake, Bibi Diana Lamplugh, hakukubali msiba ule upite bila funzo. Kabla mwaka 1986 haujaisha, yeye na mumewe walianzisha shirika lenye jina la binti yao, kwa ajili ya kuwafundisha watu wanaofanya kazi peke yao namna ya kujilinda. Shirika hilo liko hai hata sasa.

Hata hivyo, kuaga nyumbani peke yake hakutoshi. Mwezi wa Septemba 2014, katika jimbo la Arkansas nchini Marekani, dalali aitwaye Beverly Carter alimwambia mumewe nyumba aliyokuwa akienda kuionyesha. Usiku ulipoingia bila habari zake, mume alikwenda mwenyewe mpaka mahali hapo, akakuta gari la mkewe, lakini mke hayupo. Siku chache baadaye alipatikana ameuawa. Waliohukumiwa kwa uovu huo walikuwa mume na mke. Basi asidhani mtu kwamba mteja akiwa na mkewe, hatari imekwisha. Mume wa marehemu alijua mahali. Lakini mteja alikuwa bado hajajulikana ni nani, na hilo ndilo jambo la kutangulizwa.

Katika miji ya Uganda na nchi jirani, madalali wengi hawana ofisi. Hukaa kwenye kibanda au chini ya mti, penye ubao ulioandikwa nambari ya simu, na miongoni mwao wamo wake na watoto wa askari wanaotafuta riziki ya nyongeza. Kukosa ofisi si sababu ya kukosa utaratibu. Ufuatao waweza kufuatwa na kila mmoja wao.

Kwanza, mteja mpya akutwe mahali penye watu, kamwe si kwenye nyumba yenyewe. Hapo aombwe kitambulisho. Jina na nambari viandikwe, na nakala ibaki kwa mtu mwingine. Mteja mwema hataudhika, kwa kuwa naye anataka kujua kwamba dalali si tapeli. Anayekataa na aachwe aende zake, ingawa malipo yatapotea.

Pili, nyumba ionyeshwe mchana, na ikiwezekana waende wawili. Kabla ya kuingia, dalali amsalimu jirani au mwenyekiti wa mtaa, mteja akisikia. Mwenye nia mbaya hapendi kuonwa.

Tatu, ndani ya nyumba mteja atangulie, dalali afuate, na mlango ubaki wazi nyuma yake. Chumba chaweza kuonyeshwa kwa kidole kutoka kizingitini; hapana haja ya kuingia kila pembe. Gari au pikipiki iwekwe barabarani ikielekea njia ya kutokea. Fedha za kodi zisichukuliwe mkononi huko, bali zilipwe benki au kwa simu.

Nne, pawe na neno la siri. Dalali akipiga simu na kusema, "Niangalizieni lile faili jekundu," walio nyumbani wajue kwamba hakuna faili, bali kuna hatari, nao wawaite polisi mara moja wakitaja mahali alipo.

Tano, na hili lisisahauliwe, pawekwe saa ya kurudi na mtu wa kuingoja. Saa ikipita, apige simu. Asipojibiwa, atoe taarifa. Asione haya kwamba huenda anawasumbua polisi bure. Polisi naye anayepokea taarifa hiyo asimwambie mwananchi arudi kesho. Mchana ule wa mwaka 1986 saa kadhaa zilipita kabla ya polisi kujulishwa, na saa za mwanzo hazirudi.

Mwanajeshi haendi doria bila kikosi kujua njia aliyoishika na wakati wa kurejea kwake, wala hakuna anayemwita mwoga kwa ajili hiyo. Utaratibu huo huo wafaa kuingia katika nyumba yake. Mke anapotoka na ufunguo wa watu kwenda kuonyesha vyumba viwili, yafaa karatasi ibaki mezani: jina la mteja, nambari ya kitambulisho chake, nyumba iliko, saa ya kurudi. Kuiandika kwachukua dakika mbili. Akirudi salama, karatasi ichanwe, na chakula kipakuliwe.